Digrii Mbili Kushoto: Miaka Thelathini na Sita ya Bwana Mahameli

Baada ya kuitumikia maabara yetu kwa miaka thelathini na sita na miezi miwili, fundi mkuu wa vioo alistaafu rasmi siku ya Ijumaa, tarehe thelathini mwezi uliopita. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara moja tu, na siku hiyo alikuja na barua ya maelezo ambayo hakuna aliyemwomba. Wahariri wa jarida letu la wafanyakazi wamenipa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa, yeye upande wake, mimi upande wangu, katikati pazia jeusi. Wamenisisitiza niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ila wanaokijua chumba chetu wanajua kwamba si kila kilichomo kinachangamsha.

Jina lake la kwenye faili wengi tumelisahau. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa maabara, wote tunamwita Bwana Mahameli, kwa sababu ya kitambaa cha mahameli alichotembea nacho kwenye mfuko wa koti kana kwamba ni kitambulisho. Mgeni akiuliza mzee huyu anafanya nini, aliambiwa ukweli: anasugua vioo. Basi mgeni alidhani ni mtu wa usafi, na Bwana Mahameli hakuwa na haraka ya kumsahihisha mtu. Mtaalamu mmoja aliyetutembelea kutoka mbali aliwahi kumkabidhi kikombe chake cha chai akirudishe jikoni. Alikirudisha, akakiosha, akakikausha, kisha akarudi kumwonyesha yule mtaalamu mwanga. Mtaalamu yule alibaki mdomo wazi mpaka gari lake likaja kumchukua.

Kwa wenzetu wa ofisi za juu, ambao huleta barua hadi mlangoni kwetu na kutimua mbio, naomba nieleze kinachofanyika mle. Tunatengeneza mifereji ya mwanga. Tunachukua vipande viwili vya kioo, tunavibandika kimoja juu ya kingine na kuacha nafasi nyembamba kama unywele, halafu tunaijaza nafasi hiyo fuwele kimiminika. Ni kitu kinachotiririka kama mafuta, lakini molekuli zake zimejipanga safu kama wanafunzi mstarini. Kila kitu kama hicho kikikamilika tunakiita jozi. Jozi zetu huenda kwa watu wanaotengeneza swichi za mitambo ya mawasiliano, swichi ambamo mwanga huuongoza mwanga mwenzake.

Ukiingiza mwanga hafifu kwenye jozi, unatawanyika tu kama maji yaliyomwagika sakafuni. Ukiuongezea nguvu mambo hubadilika. Mwanga wenye nguvu huzigeuza zile molekuli, na molekuli zikigeuka huubana mwanga, na mwanga ukibanwa huzigeuza zaidi. Mwishoni mwanga unakuwa umejichimbia mfereji wake wenyewe, ukapita humo bila kutawanyika. Haya hayatokei papo hapo. Unawasha leza, na kwa muda wa pumzi moja huoni kitu kwenye skrini ila ukungu wa kijani. Kisha ukungu unaanza kujikusanya, taratibu, kama kuna anayeuita. Unakuwa mstari. Nimeuona ukijikusanya mara elfu kadhaa, na mpaka leo sipendi kuwa peke yangu unapofanya hivyo.

Mstari huo utaelekea wapi? Hapo ndipo alipoingia Bwana Mahameli. Molekuli hujipanga kwa kufuata jinsi kioo kilivyosuguliwa. Kabla ya kubandikwa, kila kipande hupakwa utando mwembamba na kupapaswa kwa mahameli mara kumi na saba, kwa upande mmoja tu, bila kurudisha mkono nyuma hata kidogo. Kitambaa huacha vijistari ambavyo hakuna jicho linaloviona. Fuwele huviona. Mkono ukipinda, fuwele hupinda, na mwanga ukija kujichimbia njia nao hupinda vivyo hivyo. Kwa maneno mengine, mwanga unausoma mkono wa mtu, na hausahau kutaja kosa.

Kazi hii ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Mkewe aliwahi kutulalamikia kwamba mumewe akifuta meza baada ya kula, anafuta kwenda mbele tu, hivyo makombo yote yanahamia kwenye sahani ya mgeni. Wajukuu zake anawapapasa kichwani kutoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni, anaunyanyua mkono juu, anaanza tena. Mtunza stoo wetu anaapa kwamba hata kuaga huwa anaaga hivyo: anapunga mara moja, anaushusha mkono, basi.

Katika miaka yangu hakuna aliyewahi kumwona akisugua. Alifunga pazia, akazima taa kubwa, akabaki na taa ndogo nyekundu, nami nikabaki upande wangu wa vipimo nikisikiliza. Sauti ya mahameli kwenye kioo ni ndogo sana, kama mtu anayevuta pumzi puani. Moja, mbili, tatu, hadi saba. Halafu kimya kifupi. Kisha ya nane mpaka ya kumi na saba. Kile kimya baada ya saba kilikuwepo kila siku, kila kioo, miaka kumi na tisa. Mwanzoni nilidhani anapumzika. Siku moja nilimuuliza, akanijibu, "Sijui. Nilikuta inafanywa hivyo."

Alikuta inafanywa na dada yake.

Wazee wa kazi wanamkumbuka. Sisi wengine tunamjua kwa jina la Dada Mkubwa tu, na kwa picha moja iliyofifia karibu na ngazi, ambamo amesimama nyuma ya wenzake na uso wake haujatoka vizuri. Yeye ndiye aliyeanzisha meza ile ya kusugulia. Ndiye aliyemleta mdogo wake kazini, akamfundisha, akamkaripia, akamfanya fundi. Walisugua bega kwa bega miaka kumi na tano. Dada alikuwa mtu wa shoto, na mkono wake ulikuwa na mpindo mdogo: mwanga katika jozi zake ulikwenda kushoto digrii mbili. Mdogo wake alikwenda sawasawa, sifuri kwa sifuri, na inasemekana alimtania kwa hilo kila siku ya kazi.

Dada Mkubwa aliugua muda mfupi, akafariki. Baada ya mazishi Bwana Mahameli hakuweza kukaa nyumbani, akarudi kazini siku ya nne. Mezani palikuwa na sanduku la vioo ishirini na vinne ambavyo dada yake alikuwa amevisugua kabla ya kulazwa. Sasa, kanuni yetu inasema kioo kilichosuguliwa kikikaa wazi zaidi ya siku tatu kioshwe, kipakwe upya, kianze mwanzo. Naye ni mtu wa kanuni. Alivaa glavu, akaviosha vyote, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa. Alipokuwa anakikausha cha ishirini na nne ndipo ilipomjia akilini amefanya nini. Ile ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya dada yake duniani, na yeye ameifuta kwa spiriti na maji safi.

Aliwahi kuniambia kwamba hakulia makaburini, alilia kwenye sinki. Alivipaka utando upya, akavisugua kwa mkono wake, akavibandika jozi kumi na mbili, akazifungia kwenye droo. Hakuzijaza fuwele kwa miaka miwili.

Mimi niliajiriwa mwaka huo wa pili ulipokuwa unaisha, baada ya mpimaji wa zamani kustaafu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hizo jozi kumi na mbili, ambazo mkuu wa maabara alikuwa ameamuru hatimaye zijazwe na kupimwa. Sikuwa najua habari yoyote. Niliwasha leza, nikasubiri ukungu ujikusanye, mstari ukatoka ukaenda kushoto. Nikaweka jozi ya pili: kushoto. Ya tatu: kushoto. Nikajua nimeharibu mashine siku yangu ya kwanza. Nilishinda siku tatu nikinyoosha meza, nikifuta lenzi, nikimwomba Mungu asinifukuzishe kazi. Zote kumi na mbili zilikwenda kushoto digrii mbili, na ndivyo nilivyokwenda kumwambia Bwana Mahameli.

Akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akaja upande wangu, akavuta kigoda kilichokuwa pembeni, akakaa mbele ya skrini. "Rudia tena, mwanangu." Nikawasha mara ya tatu. Ukungu ulijikusanya, ukainama polepole upande uleule, ukatulia. Aliutazama kwa muda mrefu sana. Halafu alinyoosha kidole, akapapasa skrini kando ya ule mstari, mara moja, bila kurudisha mkono nyuma. Kisha akarudi nyuma ya pazia. Siku nzima sikusikia mahameli.

Mkuu wa maabara, ambaye kwake hakuna jambo lisilo na maelezo, alitueleza kwamba kioo kina kumbukumbu. Huenda vijistari vya kwanza vilibaki chini ya utando mpya hata baada ya kuoshwa, jambo ambalo hutokea. Tuliridhika. Bwana Mahameli akaenda stoo, akachukua vioo vipya vilivyofungwa kiwandani, akakata mahameli mpya, akasugua. Nikapima: kushoto, digrii mbili. Hapo mkuu alisema kwamba mtu akifiwa, mwili hubeba mambo, na mkono wa mdogo umeanza kuufuata mkono wa dada bila yeye kujua. Nilifungua madaftari ya mpimaji wa zamani kuhakikisha. Miaka kumi na tano, safu mbili zimeandikwa kwa wino wa bluu: Dada, mbili kushoto. Mdogo, sifuri. Baada ya kifo, kurasa zilizobaki ni tupu, maana kwa miaka miwili hakuna jozi iliyojazwa.

Tangu siku hiyo mpaka alipostaafu nilimpimia jozi elfu moja, mia moja na arubaini. Hakuna hata moja iliyokwenda sawasawa. Wateja waliambiwa, wakatengeneza vifaa vyao kwa kuzingatia mpindo huo, na baadaye wakaanza kuudai. Kuna mahali, mbali na hapa, mitambo inafanya kazi kwa sababu mwanga ndani yake unapinda kama ulivyokuwa unapinda mkono wa mwanamke ambaye hawakumjua.

Mafanikio yake mengine ni mengi na nitayataja kwa haraka kwa sababu yeye mwenyewe asingependa yatajwe. Alipunguza jozi zinazoharibika kutoka moja kati ya tatu hadi moja kati ya arubaini. Aligundua kwamba vumbi letu baya zaidi lilitoka kwenye mkeka wa mlangoni, ambao ulikuwa umewekwa ili kuzuia vumbi. Aliwafundisha mafundi sita kukata kioo, ila hakumfundisha mtu yeyote kusugua. Tulidhani ana choyo, mimi nikiwemo, na leo namwomba radhi. Hakuwa na choyo. Alikuwa anaogopa.

Na kile kigoda. Mstari wa mwanga kwenye meza yetu, ukiuendeleza kwa mawazo hadi ukutani, unaishia kwenye kona ya kushoto, na kwenye kona hiyo kuna kigoda alichokuwa anakalia Dada Mkubwa akisubiri vipimo vyake. Bwana Mahameli hakukikalia tena baada ya siku ile. Wafagiaji walijifunza kufagia kukizunguka. Wageni wengi wanaosimama kwenye kona ile husogea baada ya muda, wakijipapasa shingo, wakilaumu kiyoyozi. Kiyoyozi chetu kiko upande wa kulia.

Miezi mitatu kabla ya kustaafu kwake ililetwa mashine ya kusugua. Ni pipa dogo lililovishwa mahameli, linazunguka lenyewe, na kioo kinapita chini yake. Yeye ndiye aliyeifunga, akaipaka mafuta, akaipa hata jina la utani ambalo halifai kuandikwa humu. Jaribio la kwanza lilifanyika Alhamisi, siku moja kabla hajaondoka. Mkuu alikuwepo, mtunza stoo alikuwepo, chumba kilijaa. Nilijua anachosubiri kujua. Kama mstari ungekwenda kushoto hata kwa mashine isiyo na mkono, basi dada yake yumo chumbani na atabaki. Kama ungekwenda sawa, basi alikuwa kwenye mikono yake tu.

Niliwasha. Ukungu ulijikusanya, mstari ukanyooka kama rula. Sifuri kwa sifuri. Watu wakapiga makofi, na yeye akapiga pia, akawapongeza wote mmoja mmoja. Kisha, wengine walipokuwa wanatoka, akaniinamia akasema kwa sauti ndogo, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena, mwanangu." Sifuri. Akaikunja mahameli yake mara nne, akaitia mfukoni. "Haya. Kumbe nitaondoka naye," alisema. Miaka kumi na tisa sijawahi kumwona mtu huyu akiwa mzee, lakini alipokuwa anavuka pazia siku ile alikuwa mzee.

Kwenye sherehe ya Ijumaa alichangamka, alicheza, alimtania mkuu kuhusu ule mkeka wa mlangoni. Mliokuwepo mliona. Mimi niliona pia kwamba kila baada ya muda mkono wake uliingia kwenye mfuko wa koti kuhakikisha kitambaa kimo.

Wasifu huu ulipaswa kuishia hapo, na rasimu niliyowapelekea wahariri iliishia hapo. Niliwaomba wanirudishie kwa sababu ya kilichotokea Jumatatu.

Jumatatu asubuhi ilikuja oda ya jozi pana kuliko mdomo wa mashine. Mkuu akanitazama, akasema, "Wewe umekaa naye zaidi. Jaribu kwa mkono, tuone." Nikamwambia sijawahi kusugua wala kuona kioo kikisuguliwa. Akasema hata yeye hajawahi, kwa hiyo tuko sawa. Nilifungua vioo vipya. Nilikata mahameli mpya kutoka kwenye jora jipya. Nikapita upande wa pili wa pazia, mahali nilipokuwa nimeingia labda mara kumi katika maisha yangu, nikawasha taa nyekundu.

Nilianza kuhesabu. Mimi ni mtu wa kulia, naandika kwa kulia, nakula kwa kulia. Mkono ulikwenda vizuri. Baada ya mpapaso wa saba ulisimama. Hilo halikunishangaza, maana masikio yangu yameijua hesabu ile miaka mingi. Kilichonishangaza ni kilichofuata. Mkono wangu ulipanda usoni, na kwa mgongo wa kiganja nikasukuma kitu juu ya pua. Hapakuwa na kitu. Ulishuka, ukaendelea na ya nane. Kwenye kioo cha pili ulifanya tena vilevile, na safari hiyo nilikuwa nautazama.

Nilijaza fuwele, nikaweka jozi mezani, nikawasha. Nitasema ukweli, niliacha mlango wazi. Ukungu wa kijani ulikaa zaidi ya nilivyozoea, au ni mimi niliyekuwa nimeacha kupumua. Kisha ukajikusanya, ukainama, ukaenda kushoto. Digrii mbili. Nilirudia. Nilirudia tena, kwa sababu nilijua angeniambia nirudie.

Mkuu anasema nimejifunza kwa masikio, kwamba mwendo wa sauti hubeba mwendo wa mkono. Inawezekana. Nilimpigia simu mke wa Bwana Mahameli, nikamuuliza swali moja tu, bila kumweleza sababu: kile kimya baada ya saba kilikuwa cha nini? Alicheka. "Ah, hiyo ni miwani ya wifi yangu! Akiinama ilikuwa inateleza. Basi anasimama, anaisukuma kwa mgongo wa kiganja, asiichafue kwa vidole. Hata jikoni kwangu alikuwa hivyohivyo."

Mimi sivai miwani. Sijawahi kuvaa. Na kwenye ile picha ya ngazini uso haujatoka, hivyo sikuwahi kujua kwamba yeye alivaa.

Bwana Mahameli, jarida hili litakufikia nyumbani, na nimeomba liletwe kwa mkono. Wenzako wote wanakushukuru kwa miaka thelathini na sita, kwa uvumilivu wako, kwa mizaha yako, na kwa kutuokoa na ule mkeka. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha, na meza iliyofutwa pande zote mbili ili mkeo apate amani. Kigoda kipo pale pale, nimekataza kisihamishwe. Jozi namba elfu moja, mia moja na arubaini na moja nimeiweka kwenye droo yako, sikuipeleka kwa mteja.

Hukuondoka naye, mzee wangu. Njoo asubuhi yoyote utakayopenda, ugonge, nami nitazima taa uone.